Karatasi yenye iliondolewa mu dosie
Mazungumzo tuliyotoa siku ya posho mbele ya vijana na wakaaji wa kartie, Butembo



Tulitangaza kama leo tutazungumza juu ya kitabu. Wamoja wenu mulicheka: watu wanakosa pa kulala, na vijana wanatuletea roman ya Wamarekani! Mutuvumilie kidogo. Tutaanza kule Washington, lakini tutamalizia hapa kwetu, mu parseli moja yenye wengi wenu munapita karibu nayo kila siku.

Kitabu kinaitwa The Street Lawyer. Kiliandikwa na John Grisham na kilitoka mwaka wa 1998. Sisi tulikisoma kwa Kifaransa, chini ya jina La Loi du plus faible. Sheria ya mwenye nguvu wote tunaijua, tunaionaka ku barabara, ku biro na ku mashamba. Mwenye alitafsiri kitabu aligeuza lile neno: sheria ya muzaifu. Kopi ilikuwa moja tu, haina tena gamba la mbele, na watu 13 tuliisoma kwa zamu. Karibu sisi wote tuko na diplome ya iniversite. Karibu sisi wote hatuna kazi. Wakati wa kusoma hatukuukosa.

Grisham hakuwaza mambo ya tribinali kutoka mbali. Alifanya kazi ya avoka karibu miaka 10 katika muji mudogo wa Southaven, ku Mississippi, tena alikuwa mubunge wa jimbo lake toka 1984 mpaka 1990. Anajua vile dosie inatembea kutoka meza hii mpaka meza ile, na vile inaweza kupotea katikati.

Hadisi iko hivi. Michael Brock ni avoka kijana katika kabine kubwa ya Washington, yenye avoka mamia. Anapata feza mingi, anafanya kazi usiku na muchana, anangojea cheo. Siku moja mwanaume wa barabarani anaingia mu lile jengo na silaha, anafungia avoka wachache katika chumba cha mikutano. Wanafikiri ataomba pesa. Haombi. Anawauliza: mwaka uliopita mulipata ngapi, na mulipatia masikini ngapi? Tena anataka kujua ni nani kati yao anafukuzaka watu mu nyumba. Polisi wanamupiga risasi, anakufa. Vile vitu vyekundu alivyojifunga kiunoni, vyenye wote waliamini ni baruti, vilikuwa vipande vya miti.

Michael anarudi kwake, na damu ya yule mutu ilimurukia ku uso. Hapati tena usingizi. Anaanza kuuliza: huyu mutu alitoka wapi? Hivi njo anafika ku biro ndogo ya Mordecai Green, avoka Mweusi mwenye mwili mukubwa na sauti kubwa, mwenye anatetea watu wa barabarani. Usiku mumoja wa theluji wanakwenda pamoja kugawa chakula katika kanisa. Pale Michael anakutana na mama kijana, Lontae Burton, na watoto wake wane. Kisha siku chache, wote watano wanakutwa wamekufa ndani ya motokari. Walikuwa wamelala mule na moteri ikiwaka juu ya baridi, moshi ukawaua.

Hapa njo hadisi inakuwa ya kesi. Yule mwanaume mwenye alipigwa risasi, na yule mama na watoto wake, walikuwa wakaaji wa pahali pamoja: depo ya zamani yenye iligawanywa vyumba. Kampuni moja ilitaka lile eneo kwa ajili ya kujenga. Watu wakatolewa katikati ya majira ya baridi, ikasemwa kama waliingia mule bila ruhusa ya mutu. Na kabine yenye ilitengeneza karatasi za kuwafukuza ilikuwa ni ile kabine ya Michael. Lakini wale watu hawakuvamia nyumba. Walikuwa lokateri. Walikuwa wanalipa, mukono kwa mukono, kila mwezi. Kwa hiyo sheria iliwapa haki ya kuonywa mbele ya wakati, na haki ya kujitetea.

Nani alijua? Mutumishi mumoja wa kabine, jina lake Hector Palma. Si avoka, ni mutu wa kutayarisha madosie. Alitumwa ku depo, akaona, akarudi, akaandika: hawa watu wanalipa. Mukubwa wake akasoma ile karatasi, akaiondoa mu dosie, kazi ya kufukuza ikaendelea. Mule ndani hakuna mutu aliyepiga kelele wala aliyeinua fimbo. Karatasi moja tu ilitoka mahali pake, na mama mumoja na watoto wane wakafa.

Michael anaingia usiku mu biro na kuchukua ile dosie. Alitaka kuifanyia kopi na kuirudisha, lakini anapata aksida ya gari, haiwezi tena kurudi. Kabine inamushitaki kama mwizi. Anafungwa, anaachana na kazi, ndoa yake nayo ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mwishoni, kabine inakubali kulipa mamilioni ya dola mbele kesi isifike ku hukumu, na Michael anasimamishwa miezi 9 asifanye kazi ya avoka.

Hapo tulibishana sana, na ni vizuri tuwaambie mabishano yetu. Wenye walisoma droit kati yetu walisema: huyu ni mwizi, aliiba dosie ya klienti, avoka akifanya hivyo watu hawatatumainia tena avoka hata mumoja. Wengine wakajibu: mwizi wa kweli ni ule mwenye aliiba karatasi ya Hector. Tulifika usiku bila kukubaliana. Kile tulikubaliana ni hiki: Michael hakukimbia malipizi. Alisimama mbele ya wakubwa, akakubali miezi 9. Kijana mwenye anasema «nilivunja sheria juu ya haki» lakini anajificha wakati wa kuitwa, huyo tusimufanye shujaa. Na sisi katika mwendo wetu hatumutume mutu kuiba dosie. Kuko njia ingine, tutaisema.

Tulikuwa na lawama moja kwa Grisham. Mu kitabu chake masikini wanatetewa, lakini hawasemi sana. Lontae Burton anakufa mbele hatujamusikia vizuri. Mwenye tunamufuata toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ni avoka mwenye aligeuka moyo. Dada zetu njo waliliona hilo mbele yetu wanaume. Walisema: kama mama angekuwa na karatasi yake mukononi, na jirani wawili wa kumusindikiza, pengine hangengojea avoka aote ndoto mbaya.

Wamoja watasema: ni roman, mambo ya kutunga. Sikieni basi jambo lenye lilitokea kweli. Mwaka wa 1979, ku New York, avoka kijana Robert Hayes, mwenye alikuwa katika kabine kubwa kama ile ya Michael, alipeleka jimbo na muji mbele ya juge kwa ajili ya wanaume wenye walikuwa wanalala inje. Mumoja wao aliitwa Robert Callahan, na kesi ikabeba jina lake. Hayes hakutumia sheria mupya. Alifungua katiba ya jimbo la New York, akasoma kifungu cha 17 chenye kiliingizwa mwaka wa 1938, kisha miaka ya njaa kubwa. Kinasema kama kusaidia wenye kukosa ni kazi ya serikali. Kile kifungu kilikuwa kimelala miaka 40. Mwaka wa 1981 muji ukasaini mapatano ya kumupatia kitanda kila mwanaume mwenye hana pa kulala. Baadaye kesi zingine zikafungulia wanawake na familia. Callahan mwenyewe hakuona siku ile. Alikufa barabarani mbele mapatano hayajasainiwa.

Tuko na kifungu kama kile. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48: haki ya makao yenye kufaa, pamoja na maji ya kunywa na umeme, inahakikishwa. Kipo, kimeandikwa, wote tunaweza kukisoma. Kinalala. Hatusemi kama mutu akikipeleka kesho ku tribinali, keshokutwa kila mutu atapewa nyumba. Tunasema tu kama hata cha New York kililala, mpaka mutu akakiamsha.

Na tusijidanganye kama sheria inakwendaka mbele siku zote. Mwezi wa Juni 2024, Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya muji wa Grants Pass, ilikubali kwa sauti 6 juu ya 3 kama muji unaweza kupiga mutu amande juu ya kulala inje, hata kama hana pahali pengine. Kwetu nako, tangu dekre ya 1896, ya wakati wa Leopold II, mutu wa kuzungukazunguka bila makao alihesabiwa kama mukosaji. Mutu anakosa nyumba, kisha anaazibiwa juu ya kukosa nyumba. Hiyo mawazo haikufa na Leopold. Munaisikia kila mara mutu anaposema maibobo «wanachafua muji», kama vile mutoto ni takataka.

Sasa turudi hapa, kwa sababu tuliahidi.

Munajua vile muji umejaa. Watu wamekimbia vita kutoka vijiji, wengine wanakaa mu familia zenye ziliwapokea, watu kumi na watano mu vyumba viwili. Wengine walitafuta ka nyumba ka mbao pembeni, wanalipa kidogo kidogo. Wenye wana bahati wana resu. Wengi wana neno tu: «nililipa, jirani aliona».

Tulipofika mu kurasa za Hector Palma, mumoja wetu aliacha kuongea. Alikaa juma nzima haji ku mikutano. Kisha akaja na kaye ya shule, akaiweka ku meza, akasema: «Miye ni Hector, lakini miye sikuandika.»

Tunawaambia jambo hili kwa ruhusa yake, na bila jina la mutu hata mumoja. Alikuwa amepata kazi ya siku 10, kazi yake ya kwanza kisha miaka miwili ya kuzunguka na diplome mu mufuko. Kazi yenyewe: kuhesabu watu wenye wanakaa mu parseli moja yenye nyumba 9 za mbao, na kuandika ku formulere kama ni lokateri ao watu bila titre. Alipita nyumba kwa nyumba. Akakuta familia 6 zinalipa kila mwezi kwa muzee mwenye alijitambulisha kama mulinzi wa parseli. Mbili zilikuwa na resu za mukono. Aliandika yote mu kaye yake. Aliporudi ku biro, wakamwambia: andika wote «bila titre», juu ni hivi klienti anataka. Walikuwa bado wanamudai yeye saini, na yeye alikuwa anawadai dola 60. Nyumbani mama yake alikuwa mugonjwa. Akaandika. Akasaini. Akachukua zile dola 60.

Hatutamupigia makofi, na hatutamupiga mawe. Tuliulizana wote 13, mumoja kwa mumoja: wewe ungefanya nini? Tulisikia majibu mazuri. Lakini kisha siku mbili tatu, wengine walirudi pole pole na kusema: kwa kweli, pengine nami ningesaini. Hivi njo iko. Tunalalamikiaka wakubwa mwaka mzima, na hakuna mukubwa mwenye anafukuza watu kwa mukono wake mwenyewe. Anahitaji kijana mwenye anajua kuandika vizuri Kifaransa, mwenye ana diplome, mwenye ana njaa. Ni kusema anahitaji sisi. Kile alikisaini mumoja wetu, tulikisaini sisi.

Kwa hiyo tulikwenda naye. Kwanza mu ile parseli. Alisimama mbele ya zile familia, akasema kile alifanya. Mama mumoja alilia, muzee mumoja alimutukana kwa muda murefu, na alikuwa na haki. Familia mbili zilikuwa zimekwisha kuondoka kwa woga, na mpaka leo hatujui zinalala wapi. Kisha tukaenda pamoja ku Bureau de Consultations Gratuites ya ba avoka. Wengi hapa hamujui kama iko. Sheria ya 1979 yenye inapanga kazi ya ba avoka njo iliiweka, na mwenye hana uwezo anaweza kupewa avoka kupitia pale. Wanaombaka karatasi ya kuonyesha kama wewe ni mwenye kukosa, attestation d'indigence.

Avoka alitusikiliza, akafungua kaye, akatuambia mambo matatu. La kwanza: zile resu mbili zina samani kuliko maneno yenu yote, wafanye kopi leo, na kopi zisikae na za kweli pahali pamoja. La pili: huyu kijana aandike upya kile aliona, tarehe kwa tarehe, nyumba kwa nyumba, na asaini akijua kama ataitwa kujieleza, hata juu ya saini yake ya kwanza. La tatu: siwaahidi kitu.

Aliandika, kurasa ine. Mukono wake ulikuwa unatetemeka, tulimuona, lakini hatukumusaidia neno hata moja, kwa sababu yalipaswa kuwa maneno yake. Karatasi iko mu dosie sasa. Kesi haijaisha. Pengine tutashinda, pengine hapana. Lakini mara hii, mwenye atataka kuiondoa atajua kama kuko kopi tatu, na watu 13 wenye waliisoma.

Ndugu na dada, hatuna avoka wa kukodi. Hatuna Michael Brock. Lakini kuko kazi zenye haziombi diplome ya droit, na tunawaomba tuzianze toka leo.

Kwanza, kila mwenye kulipa nyumba aombe resu. Bayere akikataa, nenda kulipa na shahidi, andika tarehe na kiasi mu kaye, shahidi asaini. Na mukumbuke: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi 3. Anayewaomba miezi 6 mumusomee sheria kwa heshima, bila matusi.

Pili, wenye wanajua kuandika wakae na wenye hawajui. Kila siku ya posho, saa tisa, tutakuwa hapa na kalamu. Mama mwenye karatasi zake ziko mu sashe chini ya kitanda, azilete. Tutasoma pamoja, tutafanya kopi. Hatutamuomba hata franka moja.

Tatu, mutu akiitwa ku biro ao ku tribinali juu ya nyumba, asiende peke yake. Watu wawili wamusindikize, wakae kimya, waandike kile kinasemwa. Hilo tu. Mutakuja kuona vile biro inabadilisha sauti watu wawili wanapokaa na kalamu.

Ya mwisho ni kwa vijana wenzetu wenye diplome. Siku moja, tunaomba Mungu, tutapata kazi. Wengine watakuwa ku komine, wengine ku cadastre, wengine ku kabine za ba avoka, wengine ku parke. Siku ile mukubwa atakuwekea formulere mbele na kusema: andika hivi. Mushahara utakuwa karibu kutoka. Mutoto atakuwa mugonjwa. Hakuna mutu wa mwendo atakuwa pale kukuangalia. Tunakuomba jambo moja: andika kile uliona. Ukishindwa siku ile, kama vile mwenzetu alishindwa, usikae na siri mpaka watu walale inje. Rudi, sema, andika upya. Ni haya kubwa, lakini haya haiuaki mutu. Baridi inaua.

Yule mwenzetu ameketi hapa kati yenu. Alituomba tusimuonyeshe kwa kidole. Akitaka kusema, atasimama mwenyewe.

Sasa ni zamu yenu. Kalamu ziko ku meza ya nyuma. Tuanze na mama mwenye alikuja na sashe.